Naomba ushauri: riwaya ya kesi ya Waroma waliouawa Bosnia

Wakuu habarini, naandika riwaya ya kimahakama, mpelelezi anafuatilia mauaji ya Waroma (jamii ya Roma, wale huitwa "Gypsy", si watu wa jiji la Roma) kijiji cha Skočić, Bosnia, Julai 1992. Wanamgambo wa Kiserbia waliingia wakalipua msikiti, wakapora, wakaua watu zaidi ya 20 wakawatupa shimoni, na mtoto mmoja akatoka mule akiwa hai. Hiyo ni kweli kabisa, kesi ilisikilizwa Belgrade, Serbia, mimi nabadilisha majina tu.

Sasa nimekwama. ICC (Mahakama ya Kimataifa ya Jinai) haigusi kitu cha kabla ya 1 Julai 2002, ile mahakama ya UN ya uhalifu wa kivita wa Yugoslavia ya zamani (Bosnia ilikuwa sehemu yake) ilifungwa 2017, so ama nirudishe stori miaka ya 90 ama nimpeleke mpelelezi wangu Belgrade akahangaike kule, nyie mngechagua ipi?

Na mliowahi kupiga kazi ICTR Arusha, ile mahakama ya UN ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, hata ukalimani tu (hiyo na ile ya Yugoslavia si zilikuwa na mwendesha mashtaka mmoja hadi 2003), shahidi anayelindwa anaingizwaje ukumbini, na wakili wa utetezi anaruhusiwa kumbana kiasi gani mtu aliyeshuhudia akiwa mtoto? Ya kuongeza mapenzi msiniambie jamani, nimeshaambiwa sana.