Mama anazuiwa materenite kwa ajili ya deni: Kant na Mill wanasemaje?

Stajeri_Kadutu
Habari zenu wakubwa. Niko staji ya uuguzi hapa Bukavu, jina la hopitali silitaji. Kuna mama aliyezaa kwa sezariene. Kidonda kimekauka, mtoto ananyonya vizuri, lakini haendi nyumbani kwa sababu hajamaliza kulipa. Bwana wake anabeba mizigo soko la Kadutu, analeta kidogo kidogo. Kitanda walishampa mwingine, yeye analala kwenye mkeka. Mhasibu ananiuliza: "Tukiwaachilia wote, glovu na serumu za watakaokuja zitatoka wapi?" Darasani tumesoma wanafalsafa wawili: Mill, mema ya wengi, na Kant, mtu asifanywe chombo. Naona mhasibu yuko na Mill, nashindwa kumjibu. Msiniambie tu kwamba ni vibaya, hilo najua.

MamaBagira
Mwanangu, usimpe mhasibu Mill bure. Mill anataka tuhesabu watu wote, hata walio nje ya geti. Huyo mama akitoka atasimulia. Jirani yake mwenye mimba akishikwa na uchungu atabaki nyumbani, aletwe damu imeshamwagika. Nimezalisha wengi wa namna hiyo. Hao hawamo katika daftari la mhasibu.

Mwalimu_Nguba
Mama amesema kweli. Naongeza upande wa Kant (1785). Yeye hakukataza kutumiana: wewe stajeri unajifunzia sindano kwenye mkono wa mgonjwa, naye amekubali. Kudai deni pia ni halali. Ubaya unaanza pale mwili wake unapowekwa rehani ili ukoo ushtuke ulete pesa. Hakuna aliyemwomba ruhusa kwa hilo.
Tena soma kitabu cha maadili ya tiba cha Beauchamp na Childress (1979), kina kanuni nne: uhuru wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, haki. Mmoja alielekea upande wa Mill, mwingine upande wa Kant, na bado waliafikiana juu ya kanuni hizo nne. Kwa hiyo usishangae ukimshinda mhasibu kwa njia zote mbili. Huyo mama aandikiwe mkataba, alipe kwa awamu.

Stajeri_Kadutu
Asante Mwalimu. Mkataba nimemtajia mhasibu. Anasema wa mwisho walitia sahihi, wakapotelea Kamituga, kwenye machimbo ya dhahabu.

MamaBagira
Sisi tulikuwa tunamwita chefu wa avenyu, anasaini pamoja na bwana. Wengi walilipa. Wengine hawakulipa kabisa, sikufichi, na mwezi huo tulinunua glovu chache.