Ulinganisho: huduma ya kuhifadhi na kusawazisha mafaili ya ofisi — Dropbox, Google, Microsoft au seva yetu wenyewe?

Ramani_Kinondoni
Wakuu, habari za kazi. Ofisi yetu inakusudia kununua, kabla ya mwezi huu kwisha, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni na kuyasawazisha kati ya kompyuta za wafanyakazi. Utaratibu wa kupeana flashi na kutumiana kwa WhatsApp umetuchosha, na juzi fundi aliletewa mchoro wa zamani ambao ulikuwa umekwisha kurekebishwa. Zilizo mezani ni Dropbox, Google Workspace na Microsoft 365. Bosi ameona kwamba Microsoft ndiyo nafuu kuliko zote na anataka tulipie mara moja. Je, ipi ni bora?

MhasibuTegeta
Ndugu, swali lako halijibiki hivi lilivyo. Mko wangapi? Mafaili yenu ni ya aina gani, na yote kwa pamoja yana ukubwa gani? Barua pepe za ofisi ziko wapi kwa sasa? Mtu yeyote atakayekuambia "nunua hii" kabla hujayasema hayo atakuwa anakuuzia anachokipenda yeye.

Bandari_Msa
Dropbox. Ofisi yetu hapa Mombasa haijawahi kutumia nyingine na haina mpango wa kuhama.

MhasibuTegeta
Ndiyo hao niliowasema.

Ramani_Kinondoni
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa saiti. Tuko 12: tisa Dar es Salaam na watatu Arusha. Mafaili ni michoro ya AutoCAD (programu ya kuchora majengo), picha za saiti na BOQ za Excel (orodha za vifaa, kazi na gharama zake), na jumla yake ni kama terabaiti 3. Barua pepe ziko kwa kampuni iliyotutengenezea tovuti.

MhasibuTegeta
Sasa tunaweza kuongea. Nachukua bei za orodha za Marekani za mwaka 2025, kwa mkataba wa mwaka mzima, kabla ya kodi. Microsoft 365 Business Basic ni dola 6 kwa mtu kwa mwezi, kwa hiyo watu 12 ni dola 72. Google Business Standard ni dola 14, yaani 168. Dropbox Standard ni dola 15, yaani 180, na hapo barua pepe haimo. Bosi akitazama hapo tu, ana haki ya kufurahi.

Tatizo liko kwenye nafasi. Microsoft inampa kila mtu terabaiti 1 ya OneDrive, yaani ghala lake la mtandaoni, lakini hiyo ni yake binafsi na hamwezi kuzichanga zikawa ghala moja. Michoro ya ofisi nzima inatakiwa ikae SharePoint, ghala la pamoja la Microsoft, ambako kampuni hupewa terabaiti 1 pamoja na gigabaiti 10 kwa kila leseni, yaani ninyi mtapata kama gigabaiti 1,144. Mna terabaiti 3, kwa hiyo mnapungukiwa karibu gigabaiti 1,900, na nafasi ya ziada huuzwa senti 20 za dola kwa gigabaiti kila mwezi. Hiyo ni takribani dola 380 juu ya zile 72. Kwa upande wa Google, kila leseni ya Business Standard huleta terabaiti 2 katika chungu kimoja cha kampuni, hivyo mtakuwa na 24. Dropbox Standard hutoa terabaiti 5 kwa timu nzima, muwe watatu au 12.

Ramani_Kinondoni
Duh. Hili la SharePoint halikuandikwa mahali popote kwenye karatasi tuliyoletewa na wakala.

Bandari_Msa
Ndugu Ramani, hesabu ya Mhasibu ni nzuri, lakini haigusi bando. Mchoro wa megabaiti 80 ukibadilishwa mstari mmoja, Dropbox hupandisha vipande vilivyobadilika tu, si faili zima, na kwa ofisi yenye watu Arusha wanaopokea mabadiliko siku nzima hilo ni jambo kubwa.

Kibo_IT
OneDrive nayo imekuwa ikifanya hivyo kwa mafaili ya aina zote tangu 2020, kwa hiyo hoja hiyo si ya Dropbox peke yake. La kuangalia zaidi ni AutoCAD. Mtu anapofungua mchoro, AutoCAD huunda kando yake kifaili kidogo cha .dwl kinachowaonya wengine kwamba mchoro unatumika. Kwenye seva ya ofisini onyo hilo huonekana papo hapo. Kwenye huduma ya kusawazisha linaweza kuchelewa kufika, mtu wa Arusha akaufungua mchoro uleule, na jioni mkakuta nakala mbili zinazogongana. Hakuna kifurushi cha bei yoyote kitakachowaondolea haja ya kukubaliana nani anashika mchoro gani.

SevaYangu
Mnamtajia dola kana kwamba hakuna njia nyingine. Nextcloud, ya kuhifadhi na kusawazisha mafaili kwenye seva yako mwenyewe, ni programu huria tangu ilipoanzishwa mwaka 2016, na haina ada ya leseni. Seva moja, diski nne, UPS, basi. Nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini Mei 2024, ofisi nyingi za Dar zilikuwa zinasubiri folda zifunguke, wakati sisi tulikuwa tunafanya kazi kwenye mtandao wa ndani kama kawaida.

Kibo_IT
Na hao watatu wa Arusha wangeifikiaje seva hiyo, au wangesubiri pamoja na wengine? Isitoshe, hiyo "basi" yako ina mshahara ndani yake. Diski ikifa Jumamosi usiku, nani ataitwa?

SevaYangu
Mimi.

Kibo_IT
Wao hawana wewe.

DadaMikataba
Naomba niseme kuhusu mawakala, kwa sababu Ramani amemtaja mmoja. Ofisi niliyokuwa nikifanya kazi zamani ilinunua leseni kupitia wakala wa hapa mjini, kijana mchangamfu, na bei yake ilikuwa chini kidogo ya ile ya tovuti. Aliandikisha kila kitu mwenyewe: akaunti ya msimamizi mkuu ilikuwa kwa barua pepe yake, namba ya kupokea msimbo ilikuwa ya simu yake, na hata kikoa cha ofisi (domain, lile jina la tovuti na barua pepe) kilikuwa kwa jina lake. Mwaka wa kwanza ulipita salama. Mwaka wa pili tulimlipa ada nzima, yeye hakuifikisha, na asubuhi moja akaunti zote zikawa zinasomeka tu bila kuharirika. Tulipoandika kwa mwenye huduma tuliambiwa, kwa adabu kabisa, kwamba wao wanamtambua msimamizi aliyesajiliwa, na kwamba tuthibitishe umiliki wa kikoa, ambacho nacho hatukuwa nacho. Zabuni mbili zilipita tukiwa tunabishana. Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla ya kuuliza bei, uliza nywila ya msimamizi itakuwa mkononi mwa nani.

MhasibuTegeta
Dada amenena. Naongeza kwamba wakala wa ndani anatakiwa akutajie bei kwa shilingi, kwa sababu kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za Machi 2025 zimekataza kutaja bei za bidhaa na huduma za ndani kwa dola. Muulize pia kama VAT imo. Asilimia 18 juu ya dola 168 si pesa ya kusahau.

Bandari_Msa
Huku kwetu ni asilimia 16, na bado tunalia.

Kibo_IT
Ramani, swali moja. Katika hizo terabaiti 3, miradi inayoendelea sasa ni kiasi gani? Kama ni gigabaiti 700 tu, zinaingia SharePoint bila kununua nafasi ya ziada, na bosi wako atakuwa sahihi.

Ramani_Kinondoni
Sijapima. Miradi iliyokwisha ni mingi sana, mingine ina picha za miaka mingi nyuma.

SevaYangu
Hiyo iliyokwisha iwekeni kwenye diski mbili, moja ofisini, nyingine kwa bosi. Hakuna sababu ya kulipia kodi ya nyumba kwa vitu visivyoguswa.

DadaMikataba
Siafiki. Mteja anaweza kurudi na madai ya kasoro baada ya jengo kukabidhiwa, na siku hiyo utatafuta mchoro uliotiwa saini pamoja na picha yenye tarehe yake. Diski iliyokaa kabatini huwa haina mtu wa kuikagua.

SevaYangu
Folda ya mtandaoni nani huikagua, Dada? Mtu akifuta kwa bahati mbaya, kufutwa huko nako kunasawazishwa kwenye kompyuta zote, na usipogundua mapema, muda wa kurejesha unapita.

Ramani_Kinondoni
Nimeanza kupima folda moja baada ya nyingine, na wakala amepiga simu mara mbili akiuliza kama tumeshalipa.

DadaMikataba
Mwambie alete kwanza barua inayosema msimamizi ni nani.