Baiskeli ya kuzalisha umeme: nitumie mota gani, na nitajaza betri kwa saa ngapi?

PedeliMbili
Habari zenu wakuu. Nataka kusimamisha baiskeli ya inchi 26 kwenye stendi, gurudumu la nyuma liwe juu na lizungushe kifaa cha kuzalisha umeme. Umeme huo ujaze betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 18, kwa ajili ya taa za LED na simu. Baiskeli ina meno 44 mbele na 18 nyuma. Ipo pia alteneta iliyofunguliwa kwenye gari bovu. Alteneta hiyo itafaa? Nahitaji inveta? Na betri itachukua muda gani kujaa? Kumbukeni baiskeli hiyohiyo ndiyo ya kwendea kazini, kwa hiyo isifungwe moja kwa moja.

KoiliNaSumaku
Mkuu, alteneta iache. Haina sumaku ya kudumu. Koili ya rota (sehemu inayozunguka ndani yake) lazima ipewe umeme kwanza kutoka kwenye betri, na kwa mwendo mdogo koili hiyo peke yake hula ampea 3 hivi, karibu wati 36. Hiyo ni nusu ya nguvu ya mtu wa kawaida, na bado hakuna taa iliyowaka. Tena imeundwa kuzungushwa na injini, si miguu.

Tafuta mota ya DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri) yenye sumaku ya kudumu na kaboni (vipande vinavyopitisha umeme kwa kugusa sehemu inayozunguka), volti 24, wati 250, mizunguko 2,650 hivi kwa dakika. Ni zile za skuta ndogo za umeme. Wengi hukimbilia ya volti 12 kwa sababu betri ni ya volti 12, na hapo ndipo wanapokosea: itabidi uizungushe kupita kasi iliyoandikwa kwenye kibandiko chake ndipo uvuke volti 14.4 za kujazia betri.

Hesabu ya puli, yaani kigurudumu cha kwenye shafti ya mota kinachozungushwa na tairi, ndiyo inayoamua kama utafurahia mashine hii au utaitupa. Ukikanyaga mara 60 kwa dakika, gurudumu linazunguka 60 × 44 ÷ 18, yaani 147. Mzingo wa tairi ni kama mita 2.07, kwa hiyo tairi linapita mita 304 kwa dakika. Puli ya kipenyo cha milimita 50 ina mzingo wa mita 0.157: mota itazunguka karibu mara 1,940. Mota ya aina hiyo inatoa volti 1 kwa kila mizunguko 110, basi una volti 17 na ushee kabla ya mzigo. Toa zinazopotea kwenye koili, kaboni na dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), unabaki na 15 hivi. Hapo ndipo unapopataka.

Ukiweka puli ya milimita 32 ukidhani umeongeza umeme, umejiumiza. Betri ikishaunganishwa, yenyewe ndiyo inayoshikilia volti, kwa hiyo mota haiwezi kukimbia sana kupita hapo. Utajikuta unakanyaga mara 35 kwa dakika, mguu mzito kama unapanda mlima kwa gia ngumu, na magoti yatachoka kabla ya mapafu.

Mpangilio wa nyaya: chanya ya mota kwenda dayodi ya Schottky (aina inayopoteza volti chache) ya ampea 15 au 20, mstari wake uelekee betri, kisha fyuzi ya ampea 15 iliyo karibu kabisa na betri, kisha chanya ya betri. Hasi kwa hasi. Waya uwe wa milimita za mraba 2.5 au zaidi. Bila dayodi, ukiacha kukanyaga betri itaigeuza mota yako kuwa mota kweli: gurudumu litazunguka lenyewe, pedeli zimetulia, na umeme ulioutolea jasho unaisha. Dayodi ifungwe kwenye kipande cha alumini kwani hupata moto.

Kabla ya kuunganisha chochote, zungusha pedeli taratibu na upime kwa mita ni waya upi chanya, kisha uutie alama. Mota ikizungushwa kinyume, chanya na hasi hubadilishana.

HesabuZaWati
Naongezea kwenye muda, maana hapa ndipo watu wanapodanganywa na video.

Mtu mzima mwenye afya, asiye mwanamichezo, anaweza kutoa wati 75 kwa saa nzima. Zifuate zinavyopungua. Tairi likisugua puli, asilimia 15 hivi inaishia kwenye joto la mpira: zimebaki 64. Mota inageuza robo tatu tu kuwa umeme: 48. Dayodi na nyaya: 45. Betri ya risasi hairudishi yote uliyoiingizia, tuseme asilimia 80: wati 36. Umekanyaga 75, umepata 36.

Betri yako ina wati-saa 216, lakini ya risasi usiishushe chini ya nusu ukitaka idumu. Kwa hiyo unazochezea ni 108, na hizo ni saa 3 za kukanyaga. Si mbaya: saa moja inawasha taa ya LED ya wati 5 kwa saa 7. Simu yenye betri ya wati-saa 15 inakula karibu 20 ukihesabu upotevu, basi saa moja inajaza simu mbili kasoro kidogo.

Inveta usiweke. Kupandisha umeme hadi volti 220 halafu chaja ya simu iushushe tena hadi 5 ni kupoteza mara mbili, na inveta yenyewe hula wati kadhaa hata ikiwa haijachomekwa kitu. Nunua taa za volti 12 moja kwa moja, na kwa simu tumia kibadilishi cha kushusha volti 12 kuwa 5, cha ampea 3. Kiunganishe kwenye betri, kamwe si kwenye mota: mtu akikanyaga kwa fujo bila betri, volti zinaruka kupita 25 na kibadilishi dhaifu kinaungua.

Weka mita ya volti mbele ya usukani. Ikisoma 14.4 na unaendelea kukanyaga, acha.

PedeliMbili
Asanteni sana wakuu. Alteneta inauzwa leo. Swali lililobaki: tairi halitaliwa na puli? Na nimesikia mzunguko wake unakuwa wa kushtukashtuka.

FundiCheni
Litaliwa, na kama ni la vipele litapiga kelele kama mashine ya kusaga. Tairi liwe laini, la barabarani, lijazwe upepo hadi karibu kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Mota usiifunge kwa boliti ikatulia. Ifunge kwenye bawaba yenye springi ili ijisukume yenyewe kwenye tairi. Springi ikikaza mno beringi za mota zinakufa na pedeli inakuwa nzito bila faida. Ikilegea, tairi linateleza mzigo ukiongezeka. Dalili ni vumbi jeusi la mpira chini ya puli na harufu ya kuungua. Kitu kingine kinacholegea kila mara ni skrubu ya puli: piga tupa upande mmoja wa shafti uwe bapa, skrubu ikae hapo, la sivyo puli itazunguka peke yake huku mota imesimama.

Lakini kwa kuwa baiskeli inaenda kazini, mimi ningetafuta gurudumu la pili la nyuma, kuukuu, lenye sproketi ya meno yaleyale. Vua tairi na tyubu, pitisha mkanda kwenye rimu tupu hadi puli ya mota. Mkanda hauli nguvu kama mpira unaosuguliwa na hauna kelele. Kubadili gurudumu ni dakika chache. Hakikisha tu rimu na puli vimenyooka mstari mmoja; vikipishana kidogo mkanda unaruka kila baada ya dakika mbili.

Kushtuka kunatokana na miguu yenyewe: pedeli moja ikiwa juu kabisa na nyingine chini kabisa, hakuna anayesukuma. Dawa ni gurudumu zito. Sahani ya chuma ya kilo 3, kipenyo sentimita 20, kwenye shafti ya mota hubeba jouli 300 hivi kwa kasi ile ya 1,940. Hiyo ni sawa na sekunde 4 za kukanyaga, inatosha kabisa kuvuka pale pasipo na nguvu. Ipelekwe kwa mchonga vyuma iwe na mizani, na ifunikwe. Kidole au pindo la nguo likiingia hapo, usitegemee breki.

Kilomita18
Mimi nina ubishi kidogo, si na mafundi bali na hesabu. Wati 75 zilezile, barabara tambarare, zinakupeleka kilomita 18 kwa saa. Gari dogo linalokunywa lita 7 kwa kilomita 100 lingechoma lita 1.26 kwa umbali huo. Linganisha na simu mbili. Kama lengo ni mazingira, siku usiyowasha gari imezidi mbali saa zote za kwenye stendi. Umeme wa miguu una maana pale ambapo umeme mwingine haupo.

Na si kila kazi ipitie kwenye umeme. Kupandisha maji, kukoboa, kunoa: unganisha cheni moja kwa moja. Wati 75 na pampu yenye ufanisi wa nusu zinapandisha lita 45 kwa dakika kimo cha mita 5. Kimo kikiwa mita 10, lita 23. Ukipitisha kwenye mota, betri na pampu ya umeme, hupati hata nusu ya hizo.

Kwa simu ukiwa njiani, weka dinamo ya ndani ya kitovu cha gurudumu la mbele, volti 6 wati 3. Saa moja ya safari inaongeza kama asilimia 15 ya simu.

PedeliMbili
Hiyo dinamo inachomekwa kwenye simu moja kwa moja?

KoiliNaSumaku
Hapana, inatoa umeme wa AC, yaani unaogeuza mwelekeo kila mara. Inahitaji daraja la dayodi nne na kidhibiti cha volti 5. Hata hapo usichomeke simu. Kila ukisimama kwenye taa za barabarani chaji inakatika, ukiondoka inarudi, na kioo cha simu kinawaka kila mara. Unaweza kufika na chaji pungufu ya uliyoondoka nayo. Chomeka pawabenki ndogo, simu uichaji ukishafika. Ijaribu kwanza: kuna pawabenki ambazo umeme ukikatika mara moja hazipokei tena mpaka uchomoe waya na kuurudisha.