Naombeni ushauri: JavaFX inaweza kurudi kwenye ushindani au nihamie Flutter?

Fundi Stoku:
Wakuu habari za muda huu, naenda moja kwa moja kwenye mada. Nina sistimu ya duka, mauzo, stoku, madeni ya wateja na risiti, nimeiandika kwa JavaFX, ile zana ya Java ya kutengeneza madirisha na vitufe vya programu za kompyuta, na data inakaa kwenye SQLite, hifadhidata ya faili moja, inatumika kwenye maduka ya dawa na vifaa vya ujenzi huku Mwanza na Ukerewe. Kazi inafanya, haihitaji intaneti, umeme ukikatika ukirudi unaendelea ulipoishia. Shida ni kila nikienda kwa mteja mpya. Kwanza anauliza mbona ina sura ya zamani, pili nikae na laptopu yake niweke Java halafu niweke na JavaFX pembeni maana tangu Java 11 ya 2018 haiji tena humo humo, tatu bosi anataka aone mauzo kwenye simu akiwa nyumbani. Vijana wananicheka wanasema hiyo kitu ilishakufa.

Sasa nauliza, hii JavaFX nini kifanyike ili iweze kushindana, na wenyewe wanaoitengeneza na sisi tunaoitumia? Kama haiwezekani niambieni mapema kabla sijaongeza wateja, kuandika upya sistimu nzima si kazi ya wikiendi.

Kijana wa Appu:
Hamia Flutter mkuu, ile zana ya Google ya kutengeneza appu, utanishukuru. Windows ilishaingia rasmi 2022, unaandika mara moja simu na kompyuta vyote vinakula. JavaFX nani anaajiri siku hizi?

Mzee wa Swing:
Vijana tulieni kwanza. Sun, kampuni iliyotengeneza Java, waliitangaza hii kitu 2007, kipindi hicho Adobe ana Flash na Flex, Microsoft naye na Silverlight, kila mmoja anagombania ukurasa wa brauza. Toleo la kwanza likatoka Desemba 2008 likiwa na lugha yake kabisa, JavaFX Script. Watu wakajifunza, wakaanza miradi, 2010 Oracle ambaye alishainunua Sun akasema lugha ile basi, 2011 ikaja 2.0 ya Java ya kawaida. Kiufundi uamuzi ulikuwa sahihi ila aliyekuwa na mradi wa lugha ile alibaki mikono kichwani, na imani ya developa ikishatoka hairudi haraka. Halafu wanamaliza kujipanga, vita ya brauza imeisha, Apple kaikataa Flash kwenye iPhone na HTML5, lugha ya kurasa za wavuti yenyewe, inabeba kila kitu. Flash ikafungwa mwisho wa 2020, Silverlight Oktoba 2021. JavaFX ipo bado na inatoa toleo kila miezi sita, kwa hiyo kusema imekufa hapana. Lakini IntelliJ na NetBeans, programu za kuandikia kodi zilizotengenezwa kwa Java yenyewe, mpaka leo ziko kwenye Swing, zana ya madirisha ya Java iliyotangulia JavaFX. Wa nyumbani wasipohamia ujue kuna jambo.

Dada Kompyuta:
Fundi, shida zako tatu hazifanani uzito. Hiyo ya kuinstoli ndiyo inayoua JavaFX, tena sio kwako tu. Kumwambia mteja aweke Java kwanza ni sawa na kumuuzia jiko la gesi halafu mtungi akatafute mwenyewe. Mteja hatakiwi hata kulisikia hilo neno Java. Na dawa ipo, tumia jlink ikutengenezee Java ndogo yenye vipande unavyohitaji tu, halafu jpackage ikufungie vyote kwenye faili moja la kuinstoli, hii ni rasmi tangu Java 16 ya 2021. Unaenda na flashi, unabonyeza, umemaliza. Kinachoniudhi ni kwamba anayeanza leo hakutani na njia hii mpaka ahangaike, anakutana kwanza na kosa linalosema vipande vya JavaFX havipo, anafunga anaenda Electron, ile ya kutengeneza programu za kompyuta kwa teknolojia za wavuti. Wenyewe wangeanza hapo, wafanye mradi mpya ukizaliwa unatoka na faili la kuinstoli bila kusetiwa chochote, kabla ya kuongeza vikorombwezo vingine.

Sura ni ndogo hiyo. Ile Modena, sura inayokuja na JavaFX yenyewe, ni ya 2014, lazima ionekane ya zamani. Weka AtlantaFX, ni mitindo ya CSS, yaani maelekezo ya rangi na sura, jioni moja unabadilisha.

Kijana wa Appu:
Dada lakini hilo faili linakuwa zito, na jpackage ya Windows lazima uiendeshe kwenye Windows, ya Mac kwenye Mac.

Dada Kompyuta:
Wateja wake wote ni Windows, hapo hana kesi. Uzito nao, Electron inabeba brauza nzima ya Chromium tumboni na watu wanashusha VS Code, programu ya kuandikia kodi iliyojengwa kwa Electron, bila kunung'unika. Mtu hanuni kwa megabaiti, ananuna programu ikikataa kufunguka.

Fundi Stoku:
Nimekuelewa dada. Na ya simu? Nimesikia kampuni ya Gluon wanaiingiza JavaFX kwenye Android na iPhone.

Mzee wa Swing:
Inawezekana, ila mimi nisingepita huko. Ndiyo kosa lao la siku zote, kutaka kuwa kila mahali, brauza, simu, mpaka runinga. Nguvu ya JavaFX ni kompyuta ya kazini, majedwali yenye maelfu ya mistari, fomu, printa, kiwanda, benki, duka. Wangetangaza waziwazi kwamba hapa ndipo petu wangeheshimika. Wewe fanya hivi, intaneti ikipatikana sistimu itume jumla ya mauzo kwenye seva, bosi afungue ukurasa wa kawaida kwenye simu.

Kijana wa Appu:
Hapo kwenye ukurasa nakubali, kuandika upya kote kwa ajili ya ripoti moja ni hasara. Ila mradi mpya bado nasema Flutter.

Fundi Stoku:
Sawa wakuu, nitajaribu jpackage. La mwisho, nikitoa toleo jipya na mteja yuko Ukerewe, data zake zitapona?

Dada Kompyuta:
Faili la SQLite usiliweke kwenye folda ya programu, liweke folda ya mtumiaji. Halafu kwenye jpackage ile namba ya kusasisha, win-upgrade-uuid, iwe ile ile kila toleo, ukipandisha namba ya toleo Windows inaondoa la zamani yenyewe na data haiguswi. Ijaribu kwanza kwenye laptopu yako na kopi ya data ya mteja mmoja, ndio uvuke ziwa.