Mjadala: Kuhifadhi objekti kwenye faili linalosomeka, tubuni fomati yetu au JSON inatosha?

Korosho_Digitali:
Wakuu, naomba mawazo. Tunaandika programu ya chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Kila mzigo unaopimwa ni objekti, yaani fungu moja la taarifa ndani ya programu: mkulima, kilo, daraja, tarehe, ghala. Mtandao ghalani ni wa kubahatisha, kwa hiyo objekti zinaandikwa kwenye faili la maandishi na karani analipeleka ofisini kwa flashi. Nataka faili ambalo programu italisoma bila kukosea, na mtu akilifungua kwa Notepad aelewe. JSON, ile fomati ya maandishi ya kubadilishana data, imenichosha: mabano, alama za nukuu kila kona, haina komenti (maneno ya pembeni ambayo programu inayaruka), haina aina ya tarehe. Nimeanza kubuni ya kwetu: jina, nukta mbili, thamani, halafu mstari mtupu kutenganisha objekti. Mnaonaje?

MzeeWaSeva:
Usibuni kitu. Leo unaweka nukta mbili, kesho linakuja jina la ghala lenye nukta mbili ndani. Keshokutwa maelezo ya mzigo yana mstari mtupu katikati. Utaanza kuongeza alama za kukwepa, za kuonyesha kwamba nukta mbili hii ni sehemu ya jina tu, na mwisho utakuwa umezaa JSON nyingine ambayo hakuna anayeitunza ila wewe. Kisomaji cha JSON kipo kwenye karibu kila lugha ya programu na kanuni zake zinaisha kwa kurasa chache. Halafu karani hana kazi ya kufungua faili. Apime mzigo, faili awaachie wenye taaluma.

BintiKisauni:
Mbona YAML, fomati nyingine ya maandishi, haitajwi? Ina komenti, ina tarehe, haina msitu wa mabano. Hicho unachobuni kaka, ndicho YAML ilichofanya tangu 2001.

Dawa_ya_Moto:
Dada, YAML kwa data za wakulima? Andika namba ya simu inayoanza na 07 bila nukuu. Kama haina 8 wala 9, kisomaji cha YAML 1.1 kinaichukua kuwa namba ya msingi wa nane na kukurudishia kitu kingine kabisa. Andika muda wa kupima 12:30, unapata 750, kwa kuwa kinazidisha 12 kwa 60 na kuongeza 30. Andika NO kwa maana ya Norway, kinaisoma "hapana" na unapata thamani ya "si kweli".

BintiKisauni:
Hiyo ni 1.1 ya 2005. Toleo la 1.2 la 2009 liliondoa mambo hayo. Tusihukumu kwa makosa ya zamani.

Dawa_ya_Moto:
Zamani ipi, wakati PyYAML, kisomaji cha YAML cha lugha ya Python, hadi leo inafuata 1.1? Na kwa kanuni za kawaida za 1.2 simu yako inasomwa namba tupu, ile sifuri ya mbele inapotea. Umetoka kwenye shimo moja umeingia jingine.

Msomi_wa_Usiku:
Jamani, kuna jambo zito zaidi. Mkulima mmoja ana mizigo mingi, na kwenye programu mizigo yote inaelekeza kwa objekti ile ile ya mkulima. Ukiiandika kwa JSON ilivyo, mkulima anarudiwa ndani ya kila mzigo. Ukisoma tena, unapata wakulima wengi wenye jina moja. Ukibadilisha simu ya mmoja, wengine wanabaki na ya zamani. YAML ina alama ya & ya kuipa objekti jina na * ya kuirejelea, kwa ajili hiyo. JSON lazima utumie namba ya utambulisho na uunganishe mwenyewe. Hili linatatuliwaje?

Karani_Mstaafu:
MzeeWaSeva, umenigusa. Nimefanya kazi ya ukarani ghalani mpaka nimestaafu. Kuna msimu programu iliandika mzigo wa kilo 1250 kama 1.250. Wenye taaluma unaowasema hawakuona, kwao namba ilikuwa halali. Mimi nilifungua faili nikasema gunia kumi na sita haziwezi kuwa kilo moja na robo. Wakulima wangelipwa nini? Usiseme karani hana kazi ya kufungua faili.

MzeeWaSeva:
Mzee wangu, sijamtukana mtu. Nimesema majukumu yatenganishwe. Anayeweza kulisoma faili kwa Notepad anaweza pia kulihariri kwa Notepad. 1250 ikawa 1520, nani atajua?

Karani_Mstaafu:
Kwa hiyo sasa makarani ni wezi?

Chuma_cha_Pwani:
Hapo MzeeWaSeva umekosea heshima. Nimekulia kwenye nyumba ya karani. Daftari la mizani lilikuwa linasomwa na mkulima mwenyewe pale pale, anaona kilo zake kabla hajapewa stakabadhi. Mkianza kuficha data ndani ya vitu visivyosomeka, mkulima anabaki kuamini kompyuta asiyoijua. Mimi naunga mkono maandishi kwa sababu hiyo tu, mabano au bila mabano.

MzeeWaSeva:
JSON ni maandishi! Ninyi mnabishana na mtu ambaye hayupo hapa.

BintiKisauni:
Maandishi ambayo huwezi kuweka komenti. Karani akitaka kuandika "gunia mbili zililowa" anaandika wapi? Crockford, aliyeiandikia JSON kanuni zake, aliziondoa makusudi.

MzeeWaSeva:
Aliziondoa kwa sababu watu walikuwa wanaficha humo maagizo ya visomaji. Na gunia kulowa siyo komenti, ni taarifa ya mzigo. Ipewe jina na nafasi yake ndani ya objekti: "maelezo".

Korosho_Digitali:
Hilo la maelezo nimelichukua.

Dawa_ya_Moto:
Kabla hamjamaliza: namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Ukiiandika kwenye JSON bila nukuu na ofisini wakaisoma kwa lugha ya JavaScript, inapita 9007199254740991, mwisho wa namba nzima ambazo lugha hiyo inazihifadhi kwa uhakika, na tarakimu za mwisho zinabadilika kimya kimya. Simu na NIDA ziwekwe ndani ya nukuu. Na atakayekaidi akatumia YAML, asiruhusu faili liamue aina ya objekti ya kujengwa. Januari 2013 Rails, mfumo wa kutengenezea tovuti, ilipata pigo kwa njia hiyo hiyo, mtu wa nje aliweza kuendesha programu yake kwenye seva. Faili linalokuja kwa flashi silo la kuaminiwa.

Msomi_wa_Usiku:
Swali langu la mkulima mmoja na mizigo mingi limerukwa.

Karani_Mstaafu:
Bado sijajibiwa kuhusu wizi.

MzeeWaSeva:
Basi nijibu. Faili libaki linasomeka, kila mtu alifungue. Mwishoni programu iweke sahihi inayotokana na maandishi yote pamoja na ufunguo wa siri. Mtu akigusa tarakimu moja, ofisini sahihi inakataa. Hapo simtuhumu karani wala meneja.

Karani_Mstaafu:
Na huo ufunguo unakaa wapi?

MzeeWaSeva:
Kwenye kompyuta ya ghala.

Karani_Mstaafu:
Ambayo nenosiri lake analo meneja peke yake. Karani anayelala ghalani na mzigo anaweza kukataliwa, meneja hawezi, maana akibadilisha tarakimu anaweka sahihi upya.

Chuma_cha_Pwani:
Hapo sasa! Mkulima apewe nakala yake iliyochapwa kabla sahihi haijawekwa.

Korosho_Digitali:
Printa ya risiti tunayo. Msomi, nimekuona: wakulima nitawaandika mara moja juu ya faili, mizigo ibebe namba ya uanachama tu. Ila mkulima akihama chama katikati ya msimu, namba ile naifanyaje?