Vitabu vya hamasa vinaniwasha kwa wiki mbili tu, je, niviache?

Msafiri_wa_Akiba:
Ndugu zangu, huu ni mwaka wangu wa sita tangu nianze kuwekeza kwa lengo la kufikia siku ambayo gharama zangu za maisha zitalipwa na mapato ya uwekezaji na si mshahara. Madeni nimekwisha kuyamaliza, akiba ya dharura ya miezi sita ipo, na robo ya kipato changu huenda kwenye uwekezaji kila mwezi. Sipungukiwi maarifa. Ninachopungukiwa ni moyo wa kuendelea, kwa maana kila ninapomaliza kitabu cha kujiendeleza huwaka kama moto wa mabua: naamka alfajiri, naandika malengo, kisha wiki mbili baadaye yote yamezimika na natafuta kitabu kingine. Juzi nilipokuwa nikipanga rafu niligundua kwamba katika vitabu vinne tofauti nimepigia mstari wazo lile lile, la kuomba kulipwa kulingana na thamani ya kazi yako, na sijawahi kulitekeleza hata mara moja. Naomba kuwauliza mliotangulia: vitabu hivi viliwasaidia kuvuka miaka ya katikati, au niachane navyo?

Mhasibu_Mstaafu:
Ndugu, nguvu ya soda si aibu. Miaka ya katikati inachosha kwa sababu hakuna jipya la kuona. Mimi ningeanza na hesabu. Kanuni ya asilimia 4 inayotajwa sana, yaani kutumia asilimia 4 ya mtaji wako mwaka wa kwanza wa kuacha kazi na kisha kupandisha kiasi hicho kila mwaka kwa kadiri ya mfumuko wa bei, ilitokana na kazi ya William Bengen, mshauri wa fedha wa Marekani, aliyoichapisha mwaka 1994, na ndiyo inayotupa lengo la mtaji unaolingana na matumizi ya mwaka mara 25. Ukianza na sifuri, ukaweka robo ya kipato, na uwekezaji ukakua kwa asilimia 5 kwa mwaka baada ya kuondoa mfumuko wa bei, utafika baada ya miaka 32 hivi. Ukiweka asilimia 35, ni takriban miaka 25. Ukiweka nusu, miaka 17. Hakuna kitabu cha hamasa kitakachobadilisha namba hizo usipobadilisha kiwango unachoweka. (Kumbuka pia kwamba Bengen alipima kipindi cha miaka 30 kwa takwimu za hisa na hatifungani za Marekani, kwa hiyo anayetaka kuacha kazi mapema na kuishi kwa mtaji huo miaka 50 hana budi kuweka lengo kubwa zaidi.) Iagize benki ihamishe fedha siku ile ile mshahara unapoingia, ili akiba yako isitegemee umeamka na moyo gani.

Bi_Daftari:
Nakubaliana na Mhasibu kuhusu benki, lakini kuhusu vitabu naona amevihukumu haraka. Benki inaweza kuhamisha fedha bila hamasa yangu, ila haiwezi kuingia ofisini kwa meneja badala yangu. Nina daftari ambalo nyuma yake kila kitabu kina mstari mmoja tu: tendo moja na tarehe ya kulifanya, na sijiruhusu kufungua kitabu kingine kabla tendo hilo halijafanyika. Mstari wa tatu unasema «kuomba nyongeza ya mshahara», na tarehe yake imekatwa na kuandikwa upya mara tatu, ya mwisho kwa wino uliovujia upande wa pili kwa jinsi nilivyoikandamiza kalamu. Nilikataliwa; nikarudi miezi minane baadaye na orodha ya kazi nilizokamilisha, nikapewa. Nyongeza hiyo, ambayo sikuigusa hata kidogo kwa matumizi, imenisogeza mbele kuliko miaka yote niliyobana matumizi. Kitabu kilichonisukuma kilikuwa cha kawaida sana, na sura zake nyingine nimezisahau.

Mkosoaji:
La kuongeza ni moja tu. Kabla hujawashwa na kitabu, chunguza mwandishi alipataje mali yake, kwa sababu wako waliotajirika kwa kuuza vitabu na semina za kutajirika. Aliyefuata ushauri ule ule akashindwa hakuna aliyemwomba aandike kitabu.

Msafiri_wa_Akiba:
Nawashukuru nyote. Mhasibu, uhamisho wa benki nilikuwa nao tangu mwanzo, ila sikuwahi kukaa na kuhesabu kwamba robo ni miaka 32. Nimeirudia hesabu hiyo mara mbili nikitumaini umekosea. Dada, nimeandika mstari wangu wa kwanza, na nadhani wote mnaujua. Kikao na mkuu wangu ni Alhamisi saa nne. Kuna kitabu kipya nilichokuwa nimekwisha kukiagiza na kitafika kesho, kwa hiyo nimemwomba mdogo wangu akipokee yeye na asinipe hadi nitakapomweleza nilijibiwa nini.