Mjadala: Filamu za mbwa shujaa ziondolewe mbele ya watoto wetu?

MLETA MADA (mtaa wa Sakina, Arusha)

Habari za jioni wadau. Nalileta hili hapa kwa sababu kwenye kundi la wazazi limeshakuwa ugomvi. Siku ya kufunga muhula, walimu waliwawekea watoto filamu ya mbwa anayemwokoa mtoto aliyesombwa na mto. Siku chache baadaye mmoja wa watoto wale akaenda kumkumbatia mbwa wa jirani shingoni, akang'atwa mkono. Anaendelea vizuri, kachomwa sindano zake. Lakini sasa wazazi kadhaa wanataka shule isionyeshe tena filamu za aina hiyo, na mmoja ameandika kwamba hata mwenye kibanda umiza, kile cha kuonyeshea video mtaani, akanywe.

Mimi nasema ziendelee.

Wanaodai "filamu ni filamu tu" nao sikubaliani nao. Filamu hizi zina nguvu. Mwaka 2014 watafiti walichapisha uchambuzi wa filamu 87 zenye mbwa, wakaona kwamba filamu iliyopendwa inaweza kuongeza usajili wa mbwa wa aina ile huko Marekani kwa muda wa hadi miaka kumi. Watu wazima na akili zao wanatoka ukumbini wakatafute mbwa kama yule. Mtoto wa darasa la tatu je?

Na uongo umo, tusibishane. Kwenye Lassie Come Home ya mwaka 1943 mbwa wa hadithi ni jike, aliyeigiza ni dume aliyeitwa Pal, na nyuma yake yuko mkufunzi, Rudd Weatherwax. Mtoto hamwoni mkufunzi. Anaona mbwa anayejua la kufanya bila kuambiwa na anayekubali kukumbatiwa saa yoyote. Mbwa wengi hawapendi kushikwa shingo. Mwangalieni anaposhikwa: anageuza uso pembeni, analamba midomo ingawa hakuna chakula, mwili unakakamaa, weupe wa jicho unaonekana. Ameshasema "niache" mara nne kabla hajang'ata. Yule mtoto hakuna aliyemfundisha kuyaona hayo, na hapo lawama naiweka kwetu sisi wazazi na walimu, filamu naiacha.

Tena filamu hizi hazifanani. Ipo Old Yeller ya mwaka 1957, ya watoto kabisa. Mbwa anapigana na mbwa mwitu mwenye kichaa ili kuilinda familia, anaambukizwa, na kijana anayempenda analazimika kumpiga risasi mwenyewe. Hakuna bango la zahanati lililowahi kumweleza mtoto kichaa cha mbwa kwa uzito ule. Darasa la sita ningewaonyesha kesho.

Naomba hoja, matusi tuyaache. Nawasilisha.

MCHANGIAJI (Unga Limited, Arusha)

Dada, unaongea kama mtu wa nyumba yenye geti. Kwako mbwa ana jina, ana bakuli, ana banda. Huku kwetu mbwa wanalala jalalani na asubuhi wanatembea kundi zima. Mwanangu anatoka kwenda shule saa kumi na mbili bado giza. Nimemfundisha kuwaogopa na hofu hiyo ndiyo imemfikisha darasa la tano akiwa mzima. Sasa mwalimu anakuja kunibomolea kwa saa moja na nusu ya televisheni, kwamba mbwa ni rafiki. Rafiki wa nani? Mkitaka kuonyesha hizo filamu, waonyesheni watoto wa Njiro na wa Sakina.

MCHANGIAJI (Pasua, Moshi)

Naunga mkono aliyetangulia. Halafu ni filamu za wazungu hizo, mbwa analala kitandani na mtoto. Watoto wetu wajifunze nini hapo?

MCHANGIAJI (Majengo, Moshi)

Assalam aleikum wote. Mimi ni Mwislamu na nyumbani kwangu filamu hizi zinatazamwa, nikiwepo. Mate ya mbwa kwetu ni najisi. Akigusa chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo wanangu wanalijua. Lakini wanajua pia kwamba Watu wa Pangoni katika Suratul Kahf walikuwa na mbwa wao, amenyoosha miguu yake kizingitini, na wanaijua hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake amnyweshe mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kumtendea mnyama wema na kumlambisha uso wako ni vitu viwili, na mtoto anaweza kuvitenganisha akielezwa. Ninachokataa ni mtoto kuachwa na televisheni peke yake, iwe filamu ya mbwa au ya kitu kingine.

MCHANGIAJI (afisa mifugo mstaafu, Moshi Vijijini)

Nimesoma yote, naomba mnivumilie kidogo, jambo hili nimelifanyia kazi maisha yangu yote.

Duniani kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka, wengi Afrika na Asia, na karibu vifo vyote vinatokana na mbwa. Katika kila watu kumi wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, matibabu ya kuponya hakuna. Kwa hiyo ndugu wa Unga Limited hofu yake ina msingi, asidharauliwe.

Lakini niwaambie nilichokiona siku za kampeni ya chanjo. Tunatangaza kwa kipaza sauti, tunaweka meza chini ya mti karibu na ofisi ya kijiji, tunasubiri. Wanaoleta mbwa ni watoto. Baba yuko shambani, mama yuko sokoni Kiboriloni. Anakuja mtoto wa miaka tisa na kamba ya manila, mbwa amekaa kitako hataki kusogea, mtoto anamvuta, anamsemesha, mwisho anambeba miguu ya nyuma ikining'inia. Ukimwambia amshike kichwa, anamshika vizuri kuliko mtu mzima, na mbwa anatulia kwa sababu anamjua. Mbwa ambaye hakuna mtoto anayempenda haji. Huyo tunamkosa, na huyo ndiye anayekuja kutusumbua baadaye.

Ili ugonjwa ukatike eneo fulani wanatakiwa wachanjwe mbwa wasiopungua asilimia 70, na kila mwaka urudie kwa sababu wengine wanakufa na watoto wa mbwa wanazaliwa. Hiyo asilimia 70 huwezi kuifikia bila watoto. Mkiwafundisha kuwachukia mbwa, nani atatuletea?

MLETA MADA

Mzee wangu, ahsante sana. Umesema nilichokuwa nakitafuta.

Kaka wa Unga Limited, sikudharau hata kidogo, na giza la saa kumi na mbili nalijua. Ila hebu tuitazame hiyo hofu inafanya nini. Mtoto mwenye hofu akimwona mbwa anakimbia, na mbwa akiona kinachokimbia anafukuza. Wenzake wakiwa wengi wanarusha mawe, na mbwa aliyepigwa mawe na watoto wa leo anamngojea mtoto wa kesho. Baya kuliko yote, mtoto aliyekatazwa kusogelea mbwa akiparuzwa jino kidogo anaficha. Anavaa sweta mikono mirefu, anaogopa kuchapwa. Kidonda kile kilitakiwa kioshwe pale pale kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano kamili, halafu hospitali siku hiyo hiyo hata kama hakitoki damu nyingi. Mtoto akificha, tunakuja kujua wakati hakuna la kufanya. Huyo ndiye ananinyima usingizi mimi, kuliko yule aliyetoka kwenye filamu akakumbatia.

Ndugu wa Pasua, kuhusu filamu za wazungu nakubali nusu. Hadithi zetu zipo, hakuna anayezipiga picha. Hapo Usa River kuna kituo cha shirika la uhifadhi wa wanyamapori, African Wildlife Foundation, kinachofundisha mbwa kunusa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kakakuona, kwa mpango ulioanza mwaka 2014, na mbwa wake wamepelekwa kazini kwenye bandari na viwanja vya ndege. Huku Longido na Monduli mtoto wa kifugaji anashinda malishoni na mbwa wanaobweka fisi akiwa bado mbali. Kuna mtengeneza filamu Arusha anasoma hapa? Ungeniambia hiyo ni filamu ya familia, ningelipa kiingilio cha mtaa mzima. Mpaka itengenezwe, nitatumia zilizopo.

Ninachopendekeza kwenye kikao cha wazazi Jumamosi ni hiki. Filamu ionyeshwe, mtu mzima akiwepo. Ikiisha, taa ziwashwe na mtaalamu wa mifugo wa kata apewe nusu saa: mbwa anayekula haguswi, aliyelala haguswi, mwenye watoto hasogelewi, asiyekujua akikujia simama wima mikono chini usimkodolee macho, na ukiparuzwa sema, hutachapwa. Wazazi tuahidi hilo la kutochapa mbele ya watoto wenyewe, wasikie. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Shule iombe halmashauri meza ya chanjo iwekwe uwanjani kwetu, na watoto waliotazama filamu walete mbwa wao.

MCHANGIAJI (Majengo, Moshi)

Hapo kwenye kutochapa mmenigusa. Huku pia tulifanye.

MCHANGIAJI (Pasua, Moshi)

Na mbwa wa jalalani nani atawaleta? Hawana mtoto.

MCHANGIAJI (afisa mifugo mstaafu, Moshi Vijijini)

Swali zuri. Wengi mnaowaona jalalani wana kwao, wanafunguliwa usiku wanazurura. Waulizeni watoto wa mtaa huo, watawatajia kila mmoja ni wa nani na anaitwaje. Wachache wasio na mwenyewe wanahitaji timu yenye nyavu, na hiyo ni kazi ya halmashauri, muibane.

MCHANGIAJI (Unga Limited, Arusha)

Dada, Jumamosi nitakuja. Msimamo wangu sijaubadili: meza ya chanjo kwanza, filamu baadaye. Na iwekwe Unga Limited, isiishie Sakina.

MLETA MADA

Kaka, hilo la kuanzia Unga Limited naliandika kama ajenda namba moja. Mpangilio wa kipi kitangulie tutaubishania huko huko kikaoni. Mwenye namba ya ofisi ya mifugo ya kata hiyo anitumie faragha.